Mwalimu Kalenga Hilaire, Aliyetufundisha Kupima Mlango Kwanza

Baba Padri, mke wa marehemu, watoto wake, walimu wenzake, wanafunzi wake, na ninyi majirani wa Kikula mliotembea kwa miguu mpaka hapa makaburini: mimi ni Henriette, dada mkubwa wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu nilikuwepo alipozaliwa na nilikuwepo alipofumba macho. Nilitaka mwingine asome. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi ni mwoga tangu utoto. Mlango ukigongwa nadhani ni habari mbaya, na kwa miaka hii minne mara nyingi sikukosea. Mkiona karatasi inatetemeka, msiseme ni upepo.

Marehemu Kalenga Numbi Hilaire alizaliwa tarehe 14 Januari 1949, katika kambi ya wafanyakazi ya Kakontwe, wakati Likasi yetu bado inaitwa Jadotville. Baba yetu, mzee Numbi, alivunja mawe ya chokaa kwenye machimbo, akarudi kila jioni mweupe toka kichwani hadi miguuni. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Hilaire, kwa hiyo padri hakuhangaika kutafuta jina. Baadaye serikali ilipokataza majina ya Kikristo, marehemu akawa Kalenga Numbi tu kwenye karatasi za kazi, lakini nyumbani hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mama akiwa amekasirika. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nilimbeba mgongoni miaka miwili mizima, na kila siku niliogopa kwamba nitamwangusha. Sikumwangusha.

Mwaka 1955 alianza shule ya msingi ya mapadri kule Panda. Akiwa darasa la tatu alitengeneza gari la waya, lenye usukani mrefu wa kushika ukiwa umesimama na magurudumu ya vifuniko vya makopo. Lilikuwa linakata kona kweli. Akalipeleka darasani kuwaonyesha wenzake. Mwalimu wake akalichukua, akalikunja kwa mikono miwili mbele ya wote, akasema: "Hapa ni masomo, haiko garage." Hilaire alirudi nyumbani na waya uliokunjwa ndani ya kaptula. Hakulia, aliyelia ni mimi. Akakaa barazani, akaunyoosha ule waya juu ya jiwe, polepole, na baada ya siku mbili gari likatembea tena. Lakini sentensi ile ilibaki imekunjika ndani yake. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, bado alinitajia.

Vita vya mwaka 1961 vilipofika mjini, shule ilifungwa kwa majuma mengi, nasi tukajificha chini ya vitanda. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1962, akaendelea na shule ya ualimu, akapata diploma yake Julai 1968. Baba aliishika ile diploma kwa kitambaa, asije akaitia chokaa.

Septemba 1968 alitumwa kufundisha katika kijiji kimoja cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele. Hapakuwa na vitabu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyechonga mitumbwi, na Hilaire akawapeleka wanafunzi wake huko kila Alhamisi, wapime urefu wa gogo, wahesabu siku za kazi, waandike majina ya shoka na patasi kwa Kifaransa. Yule mzee alikuwa na binti wa ndugu yake aliyekuwa akikausha samaki hapo karibu. Alhamisi ya tatu binti akamuuliza mbele ya darasa zima: "Maître, unakuyaka huku kufundisha ao kufundishwa?" Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Hilaire akajibu: "Yote mbili, Mademoiselle." Binti huyo ni Berthe, mjane aliyekaa hapa mbele yenu. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 5 Agosti 1972, na Mungu akawapa watoto watatu: Adrien, Godelive na Bertin. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yao sikuwahi kumsikia Berthe akimwita kwa jina. Alimwita Maître, hata akimtuma maji.

Mwaka 1973 walihamia hapa Kikula, akaanza kufundisha katika shule yetu ya msingi, ile iliyo nyuma ya soko, na hakuondoka tena. Nyumba yake aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, siku za Jumapili baada ya misa. Ni nyumba nzuri, ila ukumbi wake una kona kali, na kona hiyo itarudi katika maneno yangu.

Sasa nafika kwenye miaka ambayo kila mmoja wetu anaijua na hakuna anayependa kuitaja. Oktoba 1991 uporaji ulipita mjini, na shule ikabaki kuta. Madawati yalibebwa yote, mengine tukayaona baadaye yakipikia watu ugali. Ubao wa kuandikia ulikuwa umechorwa ukutani, la sivyo nao ungeondoka. Kisha walimu wakakaa muda mrefu bila mshahara, shule zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Kisha majirani zetu wa asili ya Kasai wakafukuzwa, wakakaa majuma kwa majuma kwenye gare wakingoja treni. Kati yao alikuwa Mukendi, seremala, jirani yake Hilaire wa ukuta kwa ukuta. Ilikuwa Machi 1993. Kabla ya kupanda treni, Mukendi alimkabidhi Hilaire sanduku lake la vyombo: randa mbili, misumeno mitatu, nyundo, patasi, na mita ya mbao ya kukunja. Akamwambia: "Usibifiche. Chombo yenye haitumikake inakulaka kutu." Mimi nilimsihi Hilaire avizike vile vyombo chini ya banda la kuku. Niliogopa mtu ataviona na kuuliza vimetoka wapi. Alinisikiliza kwa heshima, kama alivyonisikiliza siku zote, kisha akavibeba mchana kweupe mpaka shuleni.

Shule ilipofunguliwa Septemba mwaka ule, alipewa darasa la tano, watoto thelathini na wanane waliokalia matofali. Mwanangu wa mwisho, Blandine, alikuwa mmoja wao. Hilaire alianza na magoti. Alimsimamisha kila mtoto ukutani, wenzake wakaweka alama ya urefu wake, kisha alama ya goti lake. Yeye mwenyewe akasimama, wakampima, wakaandika "Maître" kando ya alama. Alisema mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hewani hamsikilizi mtu. Kutoka kwenye magoti wakapata urefu wa mabenchi. Kutoka kwenye mabenchi wakapata hesabu za sehemu: nusu ya ubao, robo ya ubao, na theluthi iliyowatoa jasho. Barua ya kuomba makasha mabovu ya mbao kiwandani waliiandika kwa Kifaransa mara nne, mpaka makosa yakaisha. Misumari waliiokota imepinda, wakainyoosha juu ya mawe ya Kakontwe. Kufikia Pasaka ya 1994 shule ilikuwa na mabenchi sitini na moja. Ukigeuza benchi lolote, chini yake utakuta majina ya waliolitengeneza.

Sitaficha lile la kabati, kwa sababu naona hata Baba Padri ameanza kutabasamu. Mwezi wa Mei 1994 darasa liliamua kutengeneza kabati la vitabu vile vichache ambavyo wazazi walivificha wakati wa uporaji. Lingekaa kwenye ofisi ya mkuu wa shule, Bwana Directeur Théophile, kwa kuwa ndiyo yenye kufuli. Kila mtoto alitaka kuwa na rafu yake, na mwalimu hakumkatalia yeyote. Walifanya kazi majuma matano. Siku ya kulipeleka, Bwana Directeur akaja na wanaume watatu. Kabati likafika kwenye mlango wa darasa, likagoma. Wakaligeuza ubavu. Wakalilaza. Wakalisimamisha kwa kichwa. Darasa zima lilikuwa limepima mbao, rafu, misumari, hata unene wa vitabu, na hakuna aliyepima mlango. Bwana Directeur akasema: "Maître, hii armoire yako inafungwa maisha." Kikula nzima ilicheka. Wanawake sokoni walikuwa wakimsalimia: "Maître, mumepima mulango?"

Yeye alicheka nao. Lakini jioni ile alipita kwangu, akaniambia mimi dada yake mkubwa: "Yaya, minye nilikumbuka Papa." Nilijua anachosema. Mwaka 1979, siku ya kumzika baba yetu kule kambini, jeneza lilikwama mlangoni. Wanaume wakalisimamisha, wakaliinamisha, tukasikia mwili wa baba unateleza ndani na kugonga ubao. Mama alianguka pale pale. Tangu siku hiyo siwezi kuona jeneza likitoka nyumbani. Hugeuka ukutani na kuziba masikio. Kesho yake Hilaire aliwaambia wanafunzi wavunje kabati kwa utaratibu, msumari kwa msumari, na walijenge upya kwenye ofisi. Halafu akawaacha waandike wenyewe juu ya ukuta, kwa maneno yao: "Kwanza tunapima mulango." Maneno hayo yapo mpaka leo.

Septemba 1994 alipanda na darasa lake hadi la sita, katika chumba kile kile. Huo ndio mwaka wa mtihani, na hapo wazazi tukaanza kuhangaika. Nasema tukaanza, maana mimi nilikuwa mbele. Mtoto asiye na cheti cha msingi katika mji huu wa sasa, ambapo hata mwenye vyeti vitatu anauza chumvi kwa kijiko, atakwenda wapi? Tulitaka wakariri maswali na majibu. Yeye aliwafundisha maswali, lakini mbao hakuziacha. Alisema theluthi ambayo mtoto ameikata kwa msumeno haimtoki kichwani siku ya mtihani.

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa Novemba. Miguu ilivimba, kichwa kikauma, akawa anafundisha ameketi kwenye benchi la watoto wadogo. Hospitalini walisema ni shinikizo la damu lililofika kwenye figo. Waliandika dawa kwenye karatasi, na karatasi hiyo Adrien aliizungusha Likasi yote na Lubumbashi. Dawa zilipatikana mara moja, zikakosekana mara tatu. Mwishoni mwa Machi hakuweza tena kutembea mpaka shuleni. Wanafunzi wakawa wanakuja kwake wanne wanne, na daftari, na vipande vya mbao vya kumwonyesha. Alivipitisha kidole gumba, akafumba macho, akasema: "Hapa randa iliruka." Hakukosea hata mara moja. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 1995, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Berthe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Karatasi mlizo nazo mikononi zinaishia hapa, pamoja na majina ya familia. Zilipigwa chapa juzi. Yanayofuata nimeyaandika kwa mkono leo asubuhi, na Berthe amenipa ruhusa. Naomba mnivumilie.

Mwezi wa Februari, Blandine wangu alijikata kwa msumeno darasani. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, nyuzi tano. Aliletwa nyumbani amefungwa kitambaa, na mimi kuona damu nikakaa chini uani. Hilaire alikuja na miguu yake ile iliyovimba kuniomba radhi, nami sikumfungulia mlango. Kesho yake ilipita barua ya wazazi, ya kumwomba Bwana Directeur afunge kazi ya mbao, achukue vyombo, na watoto wakae kukariri hadi siku ya mtihani. Barua ilikuwa bado haina jina hata moja, kwani kila mtu aliona aibu kuanza. Nilianza mimi. Baada yangu walisaini ishirini na wawili, na nilisikia kwa masikio yangu mmoja akisema: "Kama yaya yake mwenyewe anasaini, sisi tunaogopa nini?" Mkutano wa kuamua ulipangwa Jumamosi, tarehe 13 Mei. Ni kesho.

Alijua. Katikati ya Aprili nilikuwa namlisha uji, akaniambia: "Yaya, niliona jina yako ku barua. Uliandika muzuri, haukutetemeka hata kidogo." Nikamwambia niliogopa, mtoto angepoteza mkono, angepoteza mwaka. Akasema: "Minye sikukasirike. Weye uko na woga juu ya kupenda bantu. Lakini unifanyie kintu moja. Uende ku darasa yangu, ukae ku banc ya nyuma, siku moja tu. Kisha, kama unataka, usaini tena." Nikamwahidi. Nilisema nitaenda Jumatatu. Jumatatu mvua ilinyesha. Jumatatu ya pili nilisema nina nguo za kufua. Ukweli ni kwamba niliogopa kwenda na kukuta kwamba nimekosea. Jumatatu ya tatu ilikuwa tarehe 8 Mei, na kesho yake hakuwepo tena wa kumwambia kwamba nimekwenda. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wangu amekuja mapema.

Jumatano asubuhi nilikwenda shuleni, si kwa ajili ya ahadi, bali kumwomba Bwana Directeur chumba cha kuwapokea wageni. Fundi pekee aliyebaki Kikula alikuwa ametuambia hana mbao, na nilikuwa sijui mdogo wangu atalazwa ndani ya nini. Nilipita mbele ya darasa la sita, nikasikia randa. Nikachungulia. Hapakuwa na mtu mzima hata mmoja ndani. Watoto thelathini na wanane walikuwa wanafanya kazi bila kelele, na ukutani kulikuwa na mchoro wa sanduku refu wenye tarakimu kila upande.

Blandine alikuja mlangoni. Akaniuliza uzito wa mjomba wake, kwa sauti ya mtu wa kazini: "Mama, Tonton iko na kilo ngapi?" Nikasema hospitalini walimpima sitini na nne. Akaandika. Nikamuuliza urefu wake wameupata wapi, kwa sababu mimi niliyembeba mgongoni sikuujua. Akanionyesha kwa kidole kile chenye kovu. Kwenye ukuta, juu ya alama zote za watoto, ilikuwepo ile alama ya mwaka 1993: "Maître, 1 m 72." Kisha akaniuliza tena, polepole: "Mama, muntu akikufa, anaongezekaka urefu?" Nilisema: "Ongezeni vidole vine." Wakaongeza. Nami nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, na nikabaki pale mpaka jua likashuka. Ndivyo nilivyotimiza ahadi yangu, siku moja baada ya kufa kwake.

Nyumbani habari hiyo ilileta maneno. Baba yetu mdogo alikataa kabisa. "Mutoto hatengenezake sanduku ya mukubwa," alisema. "Ni kuita kifo." Wazee wakatikisa vichwa, na mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wao, maana nilimwona Blandine ameshika patasi kwa ajili ya maiti. Berthe alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akasema: "Baba, kifo kimeisha kuingia, hakuna mwenye aliiita. Maître alitumikia bale batoto. Muache bamutumikie."

Jana asubuhi walikuja watoto sita nyumbani kwa marehemu. Hawakuleta sanduku. Walileta fito mbili ndefu na fito mbili fupi, zimefungwa kamba, ukubwa sawasawa na sanduku. Wakasalimia wafiwa, wakaomba ruhusa, wakaibeba ile fremu tupu kutoka chumbani kwake, ukumbini, hadi nje. Kwenye ile kona kali ya ukumbi ikakwama. Niliona, nikaziba masikio kabla ya kusikia chochote. Watoto hawakushtuka. Wakarudi nyuma, wakapima, wakanong'onezana, wakapima tena. Kisha mmoja akamwambia Adrien kwamba mlango wa sebule, ulio kwenye kona hiyo, utolewe kwenye bawaba zake pamoja na fremu yake, na kwamba sanduku lianze kutoka kwa miguu. Adrien akautoa mlango jana hiyo hiyo.

Mchana walilipima sanduku lenyewe. Walipakia mawe ya Kakontwe, wakayapima kwenye mizani ya muuza unga, si kilo sitini na nne bali tisini, kwa sababu mwalimu wao aliwafundisha kwamba kitu cha kubeba mtu hupimwa kwa kuzidisha. Wakalinyanyua, wakazunguka nalo uwanja wa shule mara tatu. Nilitembea nyuma yao nikisikiliza kama kuna ubao unaolia. Bwana Directeur alisimama kwenye mlango wa ofisi yake. Tulitazamana.

Nanyi mlioamka nasi leo mmeona. Mwalimu Hilaire ametoka nyumbani kwake amelala sawa, hakuinamishwa, hakugonga popote. Pale kwenye kona ilibaki nafasi ya vidole viwili kila upande. Kwa mara ya kwanza tangu 1979 sikugeuka ukutani. Nilitazama mpaka mwisho.

Bwana Directeur Théophile, uko hapa, na wazazi wenzangu mko hapa. Kesho saa tatu mtakuwa na barua mezani. Jina la kwanza ni langu. Naomba mlifute mbele ya watu wote, kama nilivyoliandika mbele ya watu wote. Msidhani woga umenitoka. Mtihani ni mwezi ujao, watoto hawana mwalimu, na sijui nani atakaa nao. Naogopa watashindwa. Naogopa msumeno. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimelia vya kutosha. Blandine ameniambia vyombo vya Mukendi vimepakwa mafuta na vimerudi kwenye sanduku lake, na kwamba Jumatatu darasa litafanya kazi. Mimi nitakuwa kwenye benchi la nyuma. Siwezi kufundisha, lakini naweza kukaa.

Marehemu ameacha mjane, Berthe; watoto watatu, Adrien, Godelive na Bertin; wajukuu wawili; dada mmoja, mimi Henriette; mpwa wake Blandine; baba mdogo, ambaye leo asubuhi alishika mwenyewe pembe ya mbele ya sanduku; rafiki mmoja, Mukendi, ambaye hatujui treni ilimfikisha wapi na ambaye hajui bado; na wanafunzi thelathini na wanane wa darasa la sita. Majina yao hayamo kwenye karatasi. Yameandikwa chini ya sanduku, yote, na Blandine yumo.

Mungu akupe pumziko, mdogo wangu, na mwanga wake usikuzimikie. Nenda bila hofu. Mlango tulipima.